Kitabu Chenye Mtakatifu wa Mwanawe

Tulikuwa wanne pale kwenye meza ya vitabu: bibi yangu mzaa baba, baba mwenyewe, mimi mtoto wa shule, na sista aliyeuza vitabu nje ya kanisa. Majina yao ninayo yote, acha yakae kwangu. Leo mjukuu kaniletea kutoka mjini kitabu cha watakatifu cha kusoma kila siku. Nimekinusa, na harufu ya karatasi imenirudisha kwenye baridi ile ya kijijini kwetu Kasense, vidole vikinuka unga wa ulezi.

Baba alishika kitabu kinene chenye jalada gumu. Bibi hakujua kusoma, akaniambia, "Mtafute wa mwanangu."

Mwanawe wa mwisho alikufa mchanga, jirani akawahi kumbatiza kwa jina la mtakatifu wa siku ile. Kaburi lilishapotea kwenye majani, likabaki jina. Kwetu, siku ya mtakatifu wake ikifika, marehemu alisomewa habari za mtakatifu huyo kitabuni.

Nikapekua kile kinene hadi mwisho, hayumo. Nikamkuta kwenye kijitabu kilichochanika.

"Mama, hiki kimechakaa," baba akasema.

"Hata mimi nimechakaa, mbona hujanitupa?"

Sista akacheka hadi akaketi. Tukachukua kilichochakaa.

Sasa macho yangu yamechoka, na mgongo pia. Nimemwomba mjukuu anitafutie jina lile, kisha jingine, la mwanangu mimi. Bado anapekua.

Mliosali nasi siku ile, kama jalada halikuwa gumu, au sista hakucheka, nisahihisheni. Majina hayo mawili sikosei.