Dawa Zangu Alizozinywa Mke Wangu

Naitwa Osmund. Nimezaliwa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, na sasa nina miaka arobaini na mitano. Nilisoma mpaka kidato cha nne. Baada ya hapo nimeishi Songea, Tunduru, Njombe na Makambako, kila mahali miezi michache, kwa sababu miguu yangu haijui kutulia. Lakini kote nilikokaa niliyakumbuka maji yetu ya utotoni. Naanza na maji hayo, kwa kuwa ugonjwa wangu ulianzia humo.

Tulikuwa tunashinda ziwani. Tulipofika miaka tisa au kumi, mkojo wetu ulianza kutoka na damu mwishoni. Hatukuogopa. Tulipanda juu ya jiwe, tukalenga maji, tukashindana nani ana mkojo mwekundu kuliko wenzake. Kaka zetu walituambia ni dalili kwamba mvulana anakua. Mimi nilichelewa, na nakumbuka nilivyolia kwa wivu. Siku yangu ilipofika nilimwita kaka yangu aje aone.

Nilipokuwa mtu mzima nikafanya biashara ya dagaa. Niliingia majini mpaka kiunoni kupokea ndoo kutoka kwenye mitumbwi, nikawaanika dagaa, nikawapandisha milimani kuwauza Mbinga na Mkumbi. Huko Mkumbi ndiko nilikompata Gaudensia. Nilimuoa nikiwa na miaka ishirini na tisa, akashuka nami ziwani. Alikuwa anacheka kwa sauti kubwa, na alinikosoa hesabu zangu mbele ya wateja. Nilimpenda hivyo hivyo.

Ikapita miaka mitatu bila mimba. Gaudensia akaenda hospitali peke yake. Nesi akamwambia, "Mama, mimba haitafutwi na mtu mmoja. Mlete na mwenzio." Akanisumbua mpaka nikakubali kwenda naye katika hospitali moja mjini Mbinga.

Nilipewa kikopo chenye kifuniko. Mtu wa maabara akasema, "Nenda chooni, toa manii mwenyewe kwa mkono, uniletee. Usitumie mafuta wala sabuni. Nahitaji kukipata ndani ya saa moja." Niliingia chooni. Nje watu walikuwa wanagonga mlango. Nilisimama na kikopo changu, nikakumbuka mafundisho ya kipaimara kwamba kufanya hivyo ni dhambi, nikaona kama padre yuko nyuma yangu. Hakikutoka kitu. Nilitoka nikamwambia Gaudensia kwamba nimeambiwa nirudi siku nyingine.

Hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Nyumbani Kihagara nilinunua kondomu dukani, nikamwambia mke wangu kwamba ndivyo hospitali wanavyotaka. Aliishika, akaisugua kwa vidole.

"Mbona ina mafuta? Si walisema pasiwe na mafuta?"

"Wewe ni daktari?"

Asubuhi, baada ya tendo, niliufunga ule mpira fundo, nikauzungushia nailoni, nikautia mfukoni mwa koti. Nikapanda pikipiki mpaka Mbamba Bay, kisha basi mpaka Mbinga. Muda wa saa nne ulipita. Kwenye choo kilekile cha hospitali nilimimina kilichokuwemo katika kikopo, nikakipeleka.

"Umeyatoa saa ngapi?" mtu wa maabara akauliza.

"Sasa hivi."

"Kwa mkono?"

"Ndiyo."

"Unapata maumivu ukikojoa? Unaona damu?"

"Hapana."

Niliongopa mara tatu, nikiwa nimesimama wima. Ukweli ni kwamba damu nilikuwa naiona mara kwa mara, matone machache mwishoni. Sikuiita ugonjwa, niliiita uchovu.

Daktari aliniita akaniambia, "Mbegu zote zilizoonekana zimekufa. Lakini kipimo kimoja hakitoshi. Rudi baada ya wiki tatu turudie." Sikurudi. Karatasi niliichana darajani, vipande vikaenda na maji.

Gaudensia nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua dagaa. Aliinua uso.

"Wamesemaje?"

"Wamesema mimi ni mzima."

Aliendelea kuchambua kidogo. "Basi ni mimi," akasema.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nikaenda kuoga.

Mama yangu alikuwa hai, na bado yuko hai, Mungu ampe maisha marefu. Alifunga safari mpaka Kitura kwa mganga mmoja anayesifiwa, akarudi na furushi la mizizi. "Kunywa, mkwe wangu," alisema. "Ukitapika, unywe tena." Gaudensia alikunywa kila asubuhi akiwa ameugeukia ukuta, ili nisimwone akikunja uso. Akakandwa tumbo na mkunga wa jadi mpaka likawa na alama za bluu. Akaenda hospitali akapitishiwa dawa kwenye mirija ya uzazi, wakampiga picha. Siku hiyo alirudi ameinama kama mwanamke wa miaka themanini. Alinionyesha karatasi. Mirija ilikuwa wazi, yote miwili.

Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Labda mashine imekosea."

Dada yangu naye alikuwa na lake. Kisimani, mbele ya wanawake, alimwambia, "Wifi, hao dagaa wa kaka yangu unawala bure?" Watu wakacheka. Niliambiwa habari hiyo jioni ileile. Sikwenda kumkanya dada yangu. Nilifunga mizigo nikaenda Tunduru.

Ndivyo nilivyogeuka mtu wa safari. Nyumba ilikuwa inanisuta. Nilikuwa nakaa nje miezi miwili, mitatu, nikirudi na zawadi za khanga. Huko mbali niliikumbuka Kihagara mpaka machozi yananilenga, na nilipofika nilitamani kuondoka.

Mwili ndio ulionikamata. Nikiwa Songea, maumivu yalianza nyuma ya korodani, mazito, kama mtu amening'iniza jiwe. Manii yalitoka kidogo sana, nayo yalikuwa na rangi ya kutu. Nilipokojoa, damu haikuwa matone tena. Nilidhani nakufa, nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana aliyehamishiwa huko kutoka Tanga. Nilipokuwa nababaika akasogeza kiti.

"Kaka yangu, usinitazame kama mimi baba mkwe wako. Sema."

Nikasema. Alipouliza kama nina watoto, nikasema sina, nilishapimwa zamani na mbegu zangu zimekufa. Akauliza kile kipimo nilikitoa vipi. Sijui kwa nini siku hiyo sikuongopa. Nadhani nilikuwa nimechoka. Nilimweleza habari za mpira, koti, pikipiki na basi.

Aliweka kalamu chini. "Kondomu nyingi za dukani zina mafuta yasiyofaa kwa mbegu. Halafu saa nne mfukoni! Kaka, kile kipimo hakikukupima wewe, kilipima safari."

Sikucheka. Nilikuwa nafikiria mizizi.

Alisema tuanze upya, nikae siku tatu bila tendo, na akanipa chumba chenye ufunguo kwa ndani. "Kama unaona vigumu, mwite mama aje akusaidie. Ni mke wako, si dhambi wala si aibu."

Kumwita maana yake ilikuwa kumwambia. Nilimpigia simu, nikasema yote kwa pumzi moja.

"Rudia," akasema Gaudensia.

Nikarudia. Akakata simu. Siku mbili sikupata neno lake. Siku ya tatu alishuka kwenye basi na kikapu kidogo.

"Sikukufuata wewe," alisema kabla sijamsalimia. "Nimefuata karatasi. Safari hii nitaisoma mwenyewe."

Tukatembea mpaka hospitali. Karibu na lango akasimama. "Mizizi yote ile ilikuwa yako, Osmund. Nimeinywa mimi." Hakupandisha sauti. Ningependa angenitukana.

Mule chumbani alinisaidia kama mtu anavyomsaidia mgonjwa kuvaa shati. Kikopo kilifika maabara kikiwa bado na joto. Tulingoja nje kwenye benchi, yeye mwanzo wa benchi, mimi mwisho. Kisha mtu wa maabara akatoka na kutuita ndani. Gaudensia ndiye aliyeinama kwanza kwenye hadubini. Alifumba jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu.

"Zinatembea," akasema. "Ni chache, lakini zinatembea."

"Na hicho kikubwa, mama, chenye mwiba mkiani?" yule bwana akauliza. "Hilo ni yai la kichocho."

Daktari aliniuliza kama utotoni nilikojoa damu.

"Sisi sote," nikajibu. "Tulikuwa tunakua."

"Hamkuwa mnakua, kaka. Mlikuwa mnaumwa."

Alinieleza kwamba vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini, huingia mwilini kupitia ngozi, na minyoo yake hutaga mayai kwenye kibofu na hata kwenye njia za uzazi. Zile njia zangu zilikuwa zimevimba. Kila nilipoingia majini kupokea dagaa nilijiongezea. Nilimeza vidonge kwa kipimo cha uzito wangu, vyote siku moja, baada ya kula. Kichwa kilizunguka, tumbo likanisokota, nikalala. Baada ya wiki kadhaa nikarudia. Gaudensia naye alipimwa, hakuwa nacho.

Daktari hakuniahidi mtoto. Alisema, "Minyoo nitaiua. Makovu siwezi kuyafuta. Mbegu mpya zinachukua kama miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo mje tuhesabu tena."

Tulikwenda. Zilikuwa zimeongezeka. Tulikwenda tena baada ya miezi mingine mitatu, zikawa zimeongezeka zaidi, na ile rangi ya kutu ilikuwa imekwisha. Niliacha kuingia majini. Siku hizi nashusha maharage kutoka Mkumbi. Ziwa nalitazama tu, kama mtu anavyoitazama nyumba aliyoiuza.

Wakati tunarudi Kihagara, Gaudensia aliniambia jambo moja kuhusu mama yangu na watu wa nyumbani. "Siri ni yako. Mimi sitaitoa. Ila usitegemee niendelee kukubebea."

Sikuitoa. Nilikuwa nasema moyoni, mtoto akija nitasema. Ikapita miaka miwili, akaja. Ni msichana, tukamwita Imelda. Nami bado nikanyamaza.

Jumuiya yetu ya kanisa ilifika nyumbani kusali sala ya shukrani. Walijaa ukumbini na barazani. Baada ya rozari, mama yangu akasimama.

"Namshukuru Mungu aliyemponya mkwe wangu na kulifungua tumbo lake. Na tusiisahau mizizi ya Kitura, nayo ni kazi ya Mungu." Vigelegele vikapigwa. Dada yangu alivipiga kuliko wote.

Gaudensia alikuwa amempakata mtoto, anamweka sawa kofia ambayo tayari ilikuwa imekaa sawa. Hakunitazama hata mara moja. Nikaona jinsi mambo yalivyokuwa rahisi. Ningekaa tu. Mtoto yupo, watu wana furaha, nami ningezeeka na heshima yangu. Nikasimama.

"Aliyeponywa ni mimi," nikasema.

"Osmund, kaa," mama akasema. "Umelewa?"

"Sijalewa, mama."

Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, ila kwa maneno machache zaidi na jasho jingi zaidi. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Mambo ya chumbani hayo!" Jirani yangu mmoja alichukua kofia yake akatoka. Niliendelea. Nikasema, "Kwa miaka kadhaa nilimwacha mke wangu aitwe mgumba..."

"Sita," akasema Gaudensia. Hakuinua uso.

"Sita," nikasema.

Hapakuwa na vigelegele. Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Na mizizi yangu?" Nikamjibu, "Mama, aliyeinywa hakuwa mgonjwa." Alijifunika khanga usoni akatoka. Siku tisa hakukanyaga kwangu. Siku ya kumi alikuja, akamsalimia Gaudensia kwanza, akakaa karibu naye, wakamenya mihogo bila maneno mengi. Dada yangu mpaka leo hajasema kitu.

Yule jirani aliyetoka alinifuata baada ya siku chache. Alizungukazunguka, akauliza bei ya maharage, kisha akasema, "Ile sehemu ya mpira, hebu irudie." Nikairudia. Nami nawaambia ninyi mnaosoma. Mke akikosa mimba, nenda naye hospitali, mpimwe wote wawili tangu siku ya kwanza. Ukipewa kikopo, fuata walivyokuambia. Ukishindwa, sema umeshindwa, watakutafutia njia. Wakikwambia urudie kipimo, rudia. Mtoto wako akikojoa damu usimpongeze, mpeleke akapimwe. Na usitupe ukweli mtoni kama nilivyofanya mimi.

Si kila anayetibiwa hupata mtoto. Najua wenzangu waliomeza vidonge vilevile na wangali wanangoja, na sina la kuwaambia zaidi ya kwamba wasingoje kwa uongo. Namshukuru Mungu kwa huruma nisiyoistahili. Namshukuru daktari yule aliyesogeza kiti. Aibu yangu haijapona. Kila Gaudensia anapokunywa kitu kichungu, hata kama ni chai isiyo na sukari, mimi hutazama pembeni.

Nimeamua kuandika kwa sababu bado wapo wanaosema kwamba ni mizizi iliyomsaidia. Wanasema kwa nia njema, wakimsifu. Naomba waache. Gaudensia hakuwa na ugonjwa wowote. Mgonjwa nilikuwa mimi.