Doa la Bibo

Msimu wa korosho ukifika, shamba letu la kijijini Masaki lote hunukia mabibo, yale matunda matamu ya mkorosho, nami mgonjwa wa sukari hufanya kazi humo humo. Naokota bibo lililoanguka, nachomoa korosho yake, bibo natupa. Natupa kweli. Asiyeamini ni mke wangu.

Msimu uliopita imani ilimwishia kabisa. Kila asubuhi kimashine cha kupimia sukari kilisoma juu, mpaka kikafika kumi na nane. Akaanza upelelezi. Maji ya bibo yakiingia kwenye nguo hayatoki kwa sabuni yoyote, kwa hiyo alikagua mashati yangu kifuani, pale ambapo bibo humdondokea mlaji. Madoa yalikuwepo, ya kazi. Akaninusa mikono. Ilinuka mabibo, ingenuka nini tena?

Nilikasirika, lakini zaidi nilitaka kujua. Sukari inatoka wapi kama haipitii mdomoni? Nikajifanyia majaribio. Dawa nilimeza kama kawaida, ugali nikaupunguza, jioni nikala mboga chungu ya mchunga na dagaa tu. Asubuhi kimashine kikapanda tena. Nilikitazama kama refa aliyehongwa. Mke wangu akasema labda nakula usingizini.

Doa alilolipata mwishowe halikuwa la bibo. Alikuwa akikung'uta msala wangu wa kuswalia, akaona alama ya njano mahali ninaposimama, akainusa. Akaniambia nikae. Akaushika mguu wangu wa kushoto, akaugeuza unyayo juu.

Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kilichotunga usaha, na ndani yake kipande cha mwiba. Nilikuwa nikitawadha kila siku, mkono wangu ukipita hapo hapo, nisisikie maumivu yoyote. Miguu yangu ina ganzi ya miaka.

Hospitalini daktari alikisafisha, nami nikamtolea swali langu. Akanieleza kwamba mwili ukipigana na vijidudu humwaga sukari yake wenyewe kwenye damu, hata kama hujala kitu, na dawa uliyozoea huzidiwa. Kisha sukari ile ile hukizuia kidonda kupona. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Nilimwomba arudie, ili mke wangu asikie vizuri kwamba mabibo hayamo. Nilikuwa bado nafurahia ushindi wangu daktari aliposema kwamba tungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumzia kuukata mguu.

Tulipofika nyumbani mke wangu aliuweka mguu wangu mapajani mwake, akakagua bandeji taratibu, kama alivyokuwa akikagua mashati. Aliifunga upya mara tatu, na hapo ndipo na mimi nilipoogopa.

"Baba," akasema bila kuinua uso, "bora ungekuwa unakula mabibo."