Blanketi la Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja kule Malava, mjukuu wangu, miaka ile uhuru ungali mpya na wanafunzi wa udaktari tukiwa wachache mno. Mwalimu wetu huko Kampala alikuwa ametuuliza darasani nani yuko radhi kufanya kazi kijijini. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuinua mkono. Matope niliyajua, taa ya mafuta niliijua, na nililelewa kwa obusuma, ugali wetu, kama wewe ulivyolelewa kwa mkate. Kitu gani kingenishinda? Basi likizo ilipofika, nikaomba kujifunzia kazi katika zahanati ya kwetu.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nimeshamposa nyanya yako, binti wa papo hapo. Na kwetu ukishaposa, wewe na mama mkwe hamkaribiani. Hamshikani mikono, hamkai chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kwenye mahindi. Ni heshima hiyo, wala si uadui.

Asubuhi hiyo daktari wa zahanati alikuwa amekwenda Kakamega mjini kuchukua dawa, na mvua ikamfungia barabara. Tulibaki mimi na muuguzi wetu, Sista Rosa. Mara namwona mama mkwe wangu analetwa, ameshikiliwa na jirani, anahema kwa shida na kifua kinamkoroma. Akaniona mlangoni na koti langu jeupe. Aligeuka pale pale, akataka kurudi nyumbani. Nami, daktari mtarajiwa, miguu ilikuwa imeshanipeleka nyuma ya jengo.

Nilisimama huko nimejaa hofu. Nikimfuata, nimemvunjia heshima mbele ya watu. Nikimwacha aende, pengine jua halitatua akiwa hai. Nilikuwa nimesoma mengi juu ya mapafu, ila la mama mkwe hakuna aliyenifundisha.

Kumbe mama yule alikuwa mdadisi kuliko mimi. Nikamsikia akimuuliza muuguzi, kwa sauti ya makusudi ili nami nisikie.

"Rosa, hiyo chombo yake ya kusikiza kifua, inaonanga?"

"Hapana, mama. Inasikianga tu."

"Na mpira yake ni refu?"

"Ni refu kiasi."

"Basi chukua hii blanketi yangu uitundike hapo katikati. Mkwe akae upande yake, na mimi yangu."

Blanketi likatundikwa. Rosa akapitisha stethoskopu chini yake, akaishikilia kifuani pa mama, nami nikasikiliza upande wa pili bila kuona hata kisigino. Ilikuwa nimonia. Rosa akamdunga sindano ya penisilini, na tukaendelea hivyo hivyo kila alipoletwa, mpaka kifua kikanyamaza. Nilifurahi nusura nilie.

Likizo ilipokwisha alinitumia kuku kwa mkono wa Rosa, pamoja na swali: "Rosa, muulize mkwe, akimaliza kusoma atarudi hapa? Kama harudi, nichukue blanketi yangu, baridi imeanza."

Safari hii sikuharakisha kuinua mkono. Nilikaa nikijiuliza ni wangapi waliokwisha kugeuka mlangoni kwa sababu nisiyoijua. Nilitaka sana kujua. Mwishowe nikamwambia Rosa, blanketi libaki pale pale. Nilipohitimu nikarudi, na kazi yangu yote nikaifanya Malava.

Wewe nawe, mjukuu wangu, umepangiwa kwenda kutibu watu mbali, na jana uliniuliza kama uko tayari. Sijui. Kukubali kwenda ni jambo moja, na kuwa tayari ni jingine. Ukifika, uliza: hapa watu wanaheshimianaje, nani haruhusiwi kuonana na nani, nani anaogopa mlango wangu na kwa nini? Usione haya kuuliza. Wenyewe watakuonyesha pa kutundika blanketi.

Mungu akupe masikio ya kusikia na moyo mpole, na kila atakayefika mlangoni pako aingie. Nenda salama. Lile blanketi limechakaa, lakini nyanya yako amelifua. Liko ndani ya begi lako.