Kichwa cha Gia Mfukoni mwa Shemeji

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kiduka changu kiko barazani kwangu, Kanyenye, Tabora, na nilikiweka hapo makusudi ili safari ya kwenda kazini iwe hatua tisa, au kumi na mbili nikipitia jikoni. Mke wangu huwaambia wageni kwamba akitaka kujua nilipo haulizi mtu, anageuza shingo tu. Kwa hiyo msishangae nikisema kwamba kwa miaka mingi nilikuwa bingwa wa magari bila kuendesha gari lolote. Leseni ninayo, iko kabatini chini ya vyeti vya ubatizo vya watoto. Na hoja ninazo, hizo haziko kabatini.

Hoja yangu kubwa ilikuwa hii: gari la spoti lisilo na gia ya mkono ni kama kwenda ngomani ukaletewa kiti. Nilikuwa nikimwambia hivyo mdogo wangu wa kike kwa simu kila Jumapili. Yeye anaishi Dar, ana kazi yake nzuri, na tangu utotoni ana ugonjwa wa magari. Kuendesha nilimfundisha mimi, kwenye pikapu ya marehemu baba, katika kiwanja kimoja cha vumbi karibu na reli. Nasema nilimfundisha. Nilikaa pembeni nimeshika mlango kwa mikono miwili, nikipiga kelele "Klachi! Klachi!" mpaka akajua mwenyewe ili ninyamaze.

Mwaka jana akaja likizo na mumewe, ndani ya gari lake la milango miwili, jeupe, limekaa chini kama bata anayeatamia. Lilikuwa limeanza kuchoka, naye alitaka kuagiza jipya. Hilo jipya linatengenezwa kwa namna mbili, la gia ya mkono na la otomatiki, na wakala wa Dar alitaka jibu kabla ya Jumamosi jioni. Jibu lisipofika, nafasi yake anapewa mwingine.

Mumewe ni Mzaramo. Kwa asiyejua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Mtani ana haki ya kukusimanga mbele ya wakwe zako. Ana haki ya kuteka kitu chako akakificha mpaka ukikomboe. Wewe haki ya kununa huna. Ukinuna, umeshindwa, na wajukuu zako watasimuliwa.

Ijumaa mchana, tukiwa kwenye wali, akaanza.

"Shemeji, gari za sasa zinabadilisha gia kabla hujapepesa jicho. Unagusa kidude nyuma ya usukani kwa kidole kimoja, basi. Wewe unataka mke wangu apambane na kijiti kama anasonga ugali?"

"Anayesonga ndiye anayejua ugali umeiva," nikamjibu. "Wa kuletewa anajua tu kwamba umepoa."

"Foleni ya Dar unaijua wewe? Mguu wa kushoto unakufa ganzi ukiwa hai. Lakini sikulaumu. Nyie mizigo ni asili yenu. Watu waliobeba pembe za ndovu miezi mitatu kwa miguu, gia wataionea tabu?"

"Na nyie mlikaa pwani mnasubiri tuwaletee. Hiyo otomatiki kwenu haikuanza leo."

Mke wangu alicheka mpaka akapaliwa. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa anatazama nje, kwenye lile gari lake, jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayehama shule.

"Nimechoka na nyie wawili," akasema. "Kesho tunaenda Tura kuchukua asali. Kaka ataendesha. Akinipeleka na kunirudisha bila kunitia aibu, naagiza la gia. Akishindwa, naagiza otomatiki, na simu za Jumapili tuongelee mambo mengine. Na njiani simsaidii mtu. Mimi ni hakimu."

Niliitikia kwa sauti nzito. Sikuwaambia kwamba mara ya mwisho kukanyaga klachi, pikapu ya baba ilikuwa bado na rangi.

Usiku sikuwa na wasiwasi sana, kwa sababu jioni nilikuwa nimechungulia dirishani nikaona kwamba juu ya kichwa cha gia kuna mchoro: namba zote zimepangwa, moja mpaka sita, na rivasi yake. Ni nani anayeshindwa kusoma? Nimefika kidato cha nne.

Asubuhi nikafungua mlango wa gari. Kichwa cha gia hakipo. Kimebaki chuma kitupu, chenye nati zake, kimesimama kama kidole kinachonionya.

"Nimekiteka," akasema shemeji, akipigapiga mfuko wa suruali. "Si unajua kuendesha? Ukikihitaji, sema tu: Mnyamwezi kashindwa na mzigo, naomba mtani. Maneno sita, nakupa."

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo ni Mnyamwezi tu mbele ya mtani wake anaweza kulifanya. Ningesema yale maneno, ningechekwa dakika mbili, ningekuwa na mchoro wangu. Badala yake nikasema, "Kaa nacho. Mimi gia naziona kwa mkono."

Mke wangu alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Akaniletea gunzi. "Shika hili basi, mume wangu, usije ukatoboka kiganja." Nikalichomeka kwenye kile chuma, likakaa vizuri ajabu, kana kwamba kiwandani walilisahau.

Shemeji akaingia nyuma. Viti vya nyuma vya gari lile vimetengenezwa kwa ajili ya paka. Magoti yake yalifika masikioni. Mdogo wangu akakaa mbele, kimya, mikono mapajani, hakimu kweli.

Gari lilizimika mara tatu kabla hatujafika kona. Majirani walitoka.

"Jamani, anaondoka! Mwiteni mtu ashuhudie!"

"Mzee, ukipotea utauliza njia kwa nani? Hata mtaa wa pili huujui!"

Lakini gia za mbele si siri kubwa. Moja juu, mbili chini, mguu ukaanza kukumbuka. Tulipoipita Kigwa, barabara ilikuwa nyeupe, miombo pande zote mbili, hakuna gari jingine. Nikatoka ya tatu kwenda ya nne, na kwa mara ya kwanza gunzi halikugoma. Liliingia lenyewe, na mlio wa injini ukashuka sawasawa pale nilipoutaka ushuke. Nawaambieni ukweli, bila utani: hapo niliamini kila nilichowahi kusema kwenye simu. Njia hiyo babu zetu waliipita kwa unyayo, wakijua kila mlima kwa pumzi zao. Mimi niliijua kwa klachi, na kwa muda ule sikuwa na kiduka wala baraza. Nikamtazama mdogo wangu kwa pembeni. Alikuwa anatabasamu kwa siri kwa upande wa dirisha.

Tura tukafika. Kando ya barabara kulikuwa na meza ya mbao iliyojaa chupa na ndoo za asali, na nyuma yake mama mmoja mtu mzima. Nikaingia kwa mbwembwe, nikasimama pua ya gari ikitazamana na meza, hatua mbili hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Huyo nyuma amefungwa kwa kosa gani?"

Tukanunua ndoo moja na chupa nne. Ndoo akapakatishwa shemeji, maana hapakuwa na pengine. Tukaaga. Nikawasha gari. Na ndipo nikakumbuka kwamba kutoka Kanyenye mpaka pale sikuwa nimerudi nyuma hata mara moja.

Kwenye pikapu ya baba, rivasi ilikuwa kulia chini. Nikapeleka gunzi kulia chini, nikaachia klachi. Gari likatetemeka kama mtu mwenye homa, likazimika. Kwa kuwa ardhi ilikuwa imeinama kidogo, likateleza shubiri moja kuelekea mezani.

Nikajaribu kushoto juu. Gari likaruka mbele shubiri mbili. Nikakanyaga breki.

"Mwanangu," akasema yule mama, "asali si umeshanunua? Au umerudi kuongeza?"

"Mtani," ikasema sauti kutoka nyuma ya ndoo, "maneno sita tu."

"Natafuta usawa," nikasema.

Kulia juu. Likatetemeka, likazimika, likateleza. Nilimtupia jicho hakimu. Alikuwa amefumba mdomo kwa nguvu mpaka mashavu yamejaa. Kushoto juu tena, labda nilikosea mwanzo. Shubiri nyingine. Bampa ikagusa mguu wa meza, chupa zikagongana, na mama akazikumbatia zote kwa mikono miwili.

"Hii meza aliichonga marehemu mume wangu! Ukiivunja atafufuka, na hakuwa mpole!"

"Mtani, sema!" Sasa shemeji alikuwa hacheki. Ndoo ilikuwa imempanda kidevuni. "Sema moja tu kati ya hayo sita! Chukua bure! Nakupa bure!"

"Sikitaki."

Mama akaweka chupa chini, akashika kiuno. "Wekeni gia huru, mshuke wote, msukume. Watu wazima na akili zenu."

Basi tukasukuma. Mnyamwezi upande huu, Mzaramo upande ule, viatu vyake vya kung'aa vikizama kwenye mchanga wa Tura, mahali wapagazi walipokuwa wakitua mizigo yao ili wapumzike. Sisi tulikuwa tunaanza. Mdogo wangu alikaa kwenye kigogo kando ya meza, analia kwa kicheko, machozi kabisa, huku mama akimpepea kwa upande wa khanga.

Alipotulia akatoa simu, akaandika ujumbe, akautuma.

"Umeshindwa, kaka."

"Najua," nikasema. Nilikuwa nimeinama, nahema. Nilikuwa nafikiria ile gia ya nne baada ya Kigwa, na kwamba nimemkosesha.

"Nimeagiza la gia."

Shemeji akasimama wima kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mke wangu! Ameshindwa! Hata huyu mama ni shahidi!"

"Ndiyo maana. Lile gari letu jingine kule Dar, la otomatiki, nimeliendesha mara ngapi? Asubuhi funguo unazo wewe, Jumapili wanazo ndugu zako. Hili langu, tangu nilinunue, hakuna aliyeniomba hata siku moja. Nilikuwa na wasiwasi na mtu mmoja tu, huyu, jinsi anavyolisifia kwenye simu." Akaninyooshea kidole. "Leo nimepata amani."

Shemeji akaingiza mkono mfukoni, akanirushia kichwa cha gia. "Chukua, mtani. Sijui nakitekea nini tena."

Nikakigeuza juani. Rivasi: kushoto juu, karibu na namba moja, na kimshale kidogo cha kuonyesha kwamba kwanza uvute juu ile pete iliyo chini yake. Pete niliiona tangu asubuhi. Nilidhani ni pambo.

Nikampa mdogo wangu akirudishie mahali pake. Akanisukumia mkono. "Kaa nacho, ukasome."

Safari hii nyuma niliingia mimi, na ndoo yangu kidevuni. Yeye akashika usukani, akavuta pete kwa vidole viwili, akaingiza gunzi kwenye rivasi bila hata kuangalia chini, ili ageuze tutazame Tabora.

"Klachi," nikasema kutoka nyuma.

"Kaka, nyamaza."