Skrubu Iliyozidi

Kwanini halikuwa jina lake, ila hata kaka yake aliyemlea alishasahau kumwita vingine. Binti wa miaka ishirini na mitatu, na swali lilikuwa halimkauki mdomoni. Swali ndilo lililomponza. Kule bekari aliuliza, tena mbele ya wageni, kwa nini kengele ya kutoka kazini huchelewa na ya kuingia haichelewi hata siku moja. Wiki hakuimaliza. Kwenye duka la vipuri aliuliza mambo ambayo hata mimi siyarudii hapa. Chuo cha ualimu alikiacha mwenyewe, maana aligundua kwamba anachopenda ni kuuliza, kufundisha wala.

Sasa alikuwa kwa fundi wa cherehani. Si fundi wa kushona, la, huyu ni wa kuzitibu cherehani zenyewe zikiugua. Alipewa mwezi mmoja wa majaribio, na mwezi ulikuwa unaisha leo. Kazi hii aliipenda, msimwone hivi. Kila mahali alipopita, akiuliza alifokewa. Cherehani ukiiuliza unaifungua, na jibu unaliona kwa macho yako.

Asubuhi mke wa kaka yake alimfuata hadi mlangoni, mwiko mkononi.

"Wifi yangu, leo mdomo utie kufuli. Mdomo uliponza kichwa."

"Na je, kama nikikwama—"

"Umeona sasa? Hata kizingiti hujavuka!"

Kwanini akacheka, lakini moyoni aliogopa kweli. Akaapa: leo hata swali moja.

Mtihani wake ulikuwa cherehani ya Mama Sare, mama anayeshona sare za shule. Ilikuwa inakata uzi kila baada ya hatua tatu za sindano. Aifungue yote, aisafishe, aifunge. Fundi mwenyewe alikaa pembeni na kazi zake, miwani ikimteleza puani, mkono mmoja wa miwani hiyo umefungwa kwa uzi mweusi. Kwanini aliuona ule uzi. Swali likapanda hadi kooni, akalimeza.

Kufika saa sita mashine ilikuwa imefungwa tena, imepakwa mafuta, inashona mstari ulionyooka. Akakunja kitambaa afute meza. Skrubu ikadondoka, ndogo kama punje ya mtama.

Mungu wangu! Jasho likamtoka. Akachungulia kasha la bobini, kila kitu kipo. Akapapasa chini ya sindano, napo hapakupungua kitu. Kabla hajajua la kufanya, Mama Sare huyo, kaingia. Akakaa, akashona kipande, akakivuta kwa meno.

"Fundi, huyu binti ana mikono!"

Fundi akatabasamu, akavuta daftari la wafanyakazi, akatafuta kalamu. Skrubu ilikuwa inamchoma Kwanini kiganjani. Akae kimya dakika moja tu, kazi ni yake. Na mashine je, ikija kumng'okea yule mama katikati ya msimu wa sare? Liwalo na liwe.

"Fundi," akafungua kiganja, "hii imetoka wapi?"

"Makubwa haya!" Mama Sare akaruka kitini. "Mnataka kunipa mashine pungufu?"

Fundi akafunga daftari. "Fungua upya."

Ikafunguliwa upya. Vichwa vitatu vikainama, tundu baada ya tundu, saa nzima, na kila tundu lilikuwa na skrubu yake. Mama Sare alijipepea kwa ukosi wa sare akiguna. Kwanini alitamani ardhi ipasuke immeze. Fundi akainama zaidi, uzi mweusi ukafyatuka, na miwani ikatumbukia kwenye sahani ya mafuta.

"Na hii nayo! Tangu juzi inanitesa."

Kwanini akaiokota, akaifuta. Pale mkono wa miwani unapokutana na fremu palikuwa na kitundu, kitupu.

"Fundi, juzi ilikuvunjikia wapi?"

"Papo hapo mezani."

Akaitia skrubu kwenye kile kitundu, akazungusha bisibisi taratibu. Ikaingia. Ikakaza. Mama Sare aliangua kicheko mpaka akashika mbavu.

Fundi akavaa miwani, akatikisa kichwa, haikuteleza. "Siku tatu," alisema. "Wote wanaoingia humu wanauona huu uzi, hakuna hata mmoja aliyeuliza." Akafungua daftari tena, kalamu ikabaki hewani.

"Kwanini."

"Naam, Fundi."

"Kwa nini hukuniuliza tangu asubuhi?"

Machozi yalikuwa karibu, na kicheko nacho kilikuwa karibu. "Wifi alinikataza."

"Huyo wifi yako anafanya kazi hapa?"

"Hapana."

"Basi," alisema Fundi akiandika. "Shika bisibisi. Mashine ya mama bado iko wazi."