Kasuku Wangu na Kakakuona Wake

Aliyewaita watu wa mazingira waje kumchukua kasuku wangu ni jirani yangu, mama tunayetenganishwa naye na ukuta tu. Sisemi kwa kudhani. Aliniambia mwenyewe kesho yake, akianika nguo:

"Ni mi nilibaita. Ile ndege yako inanichokesha."

Hapa kwetu Kasulo wachimbaji wa madini wanapiga vyuma katika mashimo chini ya nyumba yake mpaka vikombe vinacheza kabatini, na hilo halikumchosha. Alichoshwa na ndege. Lakini niandike na yaliyo yake: ni kweli kasuku alipiga kelele alfajiri, na ni kweli serikali imekataza kuwafuga hawa wa kijivu wenye mkia mwekundu, maana porini wamepungua sana. Ajenti wao aliyekuja kumchukua alinieleza kwa heshima. Alisema ndege atawekwa pamoja na wenzake, asahau maneno ya watu, kisha aachiliwe msituni.

Asahau! Mama yangu alimleta kasuku yule kutoka Kasai, na mama alipokufa, ndege ndiye aliyebaki na sauti yake. Alisema "Funga mlango, baridi inaingia" kama yeye kabisa, akakohoa na kile kikohozi chake kikavu cha siku za mwisho. Picha ya mama ninayo, lakini picha haikohoi.

Basi nikaanza kumtafutia jirani dhambi. Sijui kama mtu aliyeishia darasa la sita anaweza kuandika chuki ikaeleweka, lakini nililala nayo na kuamka nayo.

Mwishowe akaja mwenyewe mlangoni kwangu, bakuli mkononi.

"Mama jirani, ule mti wako uliooza uko na mchwa. Niachie nichote kidogo."

"Mchwa ya nini?"

"Ya kuku."

"Kuku gani? We uko na kuku?"

"Eeh! We ni polisi? Nipe mchwa, mambo ya kuku uniachie."

Nilimpa. Alipoondoka nilipindua kinu, nikapanda juu yake, nikachungulia ndani ya lupango lake, ule ua wa nyumba yake. Chini ya bati, katika pipa lililokatwa, alikuwepo kakakuona, mla mchwa aliyekatazwa na serikali kama kasuku wangu, amejikunja mviringo wa magamba matupu. Sikuliamini jicho langu, maana jicho la hasira linaona linachotaka. Nikangoja Jumapili, nikatoka misa moyo umepoa, nikachungulia tena. Ni yeye. Nikasikia na jirani akimwambia mume wake kwamba mnunuzi kutoka Tenke atakuja kumchukua.

Nilifikiri nimwonye kwanza, iwe haki. Lakini nikimwonya, atampika usiku uleule. Halafu nikakumbuka: yeye aliniambia baadaye, si mbele. Basi nami nitamwambia baadaye. Nilipima mara nyingi, labda nilijipendelea, lakini niliona kipimo ni kilekile.

Kwenye biro ya watu wa mazingira nilimkuta ajenti yuleyule.

"Mama, unaniletea hii habari juu ya munyama ao juu ya jirani?"

"Juu ya jirani, Tata," nilimjibu kwa heshima.

Akacheka. "Munyama hataniuliza hiyo. Twende."

Njiani nilimwambia asimwongezee makosa: ni mnyama mmoja tu niliyemwona, na aliyemleta ni dereva wa lori la njia ya Musumba, nilikuwa nimemwona akishusha gunia kwa jirani kabla sijajua lina nini. Sikutaka jirani aadhibiwe hata kidogo zaidi ya alichofanya. Nilitaka aadhibiwe sawasawa, asibakiziwe kitu.

Walimtoa kakakuona mchana, watu wamejaa barabarani. Jirani alilia, akashika mlango wa gari, nao wakampandisha yeye pia. Sikujificha. Nilisimama mahali ambapo angeniona kama angegeuka, lakini hakugeuka.

Aliporudi kesho yake jioni, nilikwenda ukutani.

"Ni mi nilibaita."

Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelegea, macho yamevimba. "Nilijua. Haya, ndege yako imerudi?"

"Hapana."

"Sasa umepata nini?"

Nilitafuta jibu la kweli, kwa kuwa aliuliza swali la kweli.

"Nimepata kukuona ukilia."

Alitema mate. Yaliangukia upande wake wa ukuta, kwa hiyo sikumdai kitu.