Mama Asiye na Maneno Kitabuni

Vitabu vilikuja kwenye boksi, vyote vya picha, vyote vya Kiingereza. Mwalimu anayesimamia chumba cha kusomea cha shule iliyo jirani na kwetu, hapa Kibondo, aliniita kwa sababu alijua nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza changu si kibaya sana. Kazi ilikuwa hivi: nasoma ukurasa, naandika Kiswahili chake kwenye karatasi nyeupe, nakata kipande, nakibandika juu ya Kiingereza. Gundi tulipika wenyewe, uji mzito wa unga wa muhogo. Inashika vizuri, ila mende wanaipenda.

Nilibandika tembo, nikabandika bata aliyepotea, nikabandika mtoto anayeogopa kuoga. Binti yangu alikaa mkekani akisubiri, maana kila nikimaliza kitabu yeye ndiye alikuwa msomaji wa kwanza. Alikuwa darasa la kwanza. Alisoma kwa kidole na kwa sauti kubwa, kama anayemgombeza mtu.

Kisha kikaja kile kitabu.

Kilihusu wenyeji wa asili wa Australia, watu weusi waliokuwa kwenye ile nchi kabla Wazungu hawajafika. Serikali ya kule ilikuwa na sheria za kuwachukua watoto wao, hasa wale wenye baba Mzungu, kuwapeleka mbali kwenye nyumba za misheni na za serikali, ili wasahau lugha yao na watu wao. Hayo yaliandikwa nyuma kabisa, kwa herufi ndogo, kwa ajili ya watu wazima. Hadithi yenyewe ilikuwa na maneno machache. Watoto wawili wanacheza kwenye mchanga mwekundu. Gari linakuja. Mtu mwenye kofia anashuka. Ukurasa unaofuata watoto wako nyuma ya gari. Unaofuata wako kwenye chumba chenye vitanda vingi, wamenyolewa nywele, wamevaa nguo zinazofanana. Udongo wa zile picha ulikuwa mwekundu kama wa kwetu. Hilo liliniudhi, na sikujua namuudhikia nani.

Mwalimu alikuwa na tabia ya kupitia vipande vyangu kabla sijavibandika.

"Dada, hapa umeandika 'watu wa serikali'. Weka 'watu wabaya'."

"Kitabu kinasema serikali."

"Najua kinasema nini. Watoto wa huku wataanza kukimbia gari la chanjo. Wakikimbia, nitaulizwa mimi, si wewe."

Kwao ni Tanga, aliletwa huku na kazi, na si mtu mbaya. Lakini nilishikwa na hasira. Watu wabaya ni wa kwenye hadithi za fisi. Hawana ofisi, hawana muhuri. Wale walikuwa na ofisi na muhuri, na asubuhi walikunywa chai, wakaaga wake zao, wakaenda kazini kuchukua watoto wa watu.

"Basi bandika wewe," nikamwambia, nikamsogezea sufuria ya gundi.

Aliitazama ile sufuria. "Una hasira wewe! Mwanaume atakayekuoa apelekwe semina kwanza."

"Awahi kuandika jina, nafasi chache."

Akacheka, akaniachia serikali yangu.

Ukurasa mmoja haukuwa na neno hata moja. Ulikuwa na mama wa wale watoto, amesimama barabarani, amegeuka, unauona mgongo tu na mikono miwili inayoning'inia. Mbele yake vumbi. Kwa kuwa hapakuwa na Kiingereza, hapakuwa na kazi, nikaufunua upesi. Binti yangu akaurudisha.

"Mama yao amesema nini?"

"Hajasema."

"Kwa nini?"

"Hakuulizwa."

Akaweka kidole kwenye ule mgongo. "Si angesema tu." Halafu, bila kunitazama: "Bibi akija kunichukua, na wewe hutasema?"

Bibi ni mama wa baba yake, mkazi wa Kasulu. Mimi na huyo baba hatukuoana. Yuko Geita kwenye machimbo, ana mke huko, na mara ya mwisho alimwona mtoto akiwa bado anatambaa. Lakini kwetu huku mtoto ni wa ukoo wa baba, na kila mtu atakwambia kwamba akitimiza miaka saba anakwenda kwao. Wanasema ni sheria. Mwezi wa sita bibi alikuja kutukumbusha. Nilipiga magoti, nikapiga makofi ya salamu, akapiga makofi, nikamuuliza hali ya nyumbani, ya mifugo, ya majirani, na yeye akaniuliza yangu yote. Sisi tunasalimiana kwa kirefu, na salamu zikiisha mtu anakuwa amelainika kama muhogo uliolowekwa. Hapo ndipo akasema, kwa upole kabisa, kwamba shule zikifungwa Desemba atakuja kumchukua mtoto wao. Nikasema, "Sawa, mama." Nikaenda kuivisha maharage.

Tangu siku ile sikuwa nimesema lolote. Nilikuwa nimenunua begi. La pinki, lenye magurudumu.

Siku hiyo ya kitabu nilikata kipande nikaandika: *Mama akasema, hapana, hawa ni wangu.* Nikakibandika kwenye ule ukurasa. Binti yangu akakisoma mara mbili, akaridhika, akatoka kwenda kucheza. Mimi nikakaa nikikitazama, kisha nikakibandua kabla gundi haijakauka. Ulikuwa uongo. Yule mama hakupewa nafasi ya kusema, na kama alisema, hakuna aliyeandika. Mimi kumpa maneno yangu mazuri ni kuwasafisha wale wenye muhuri. Na tena sitaki kujilinganisha naye. Yeye alinyang'anywa na serikali nzima. Mimi nilikuwa naombwa mtoto na mwanamke mzee aliyejifunga kitenge, maharage yangu yakiwa jikoni, na mdomo wangu ulikuwa mzima.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Yule dada wa pale alinisikiliza huku akimenya chungwa. Akaniambia hakuna sheria inayosema mtoto akifika miaka saba anahamishwa kwa baba. Sheria inasema tu kwamba akiwa chini ya saba inachukuliwa kuwa ni heri akae na mama. Baada ya hapo wanaangalia faida ya mtoto, na mtoto mwenyewe anasikilizwa. "Hiyo saba yenu mnaisoma kichwa chini," akasema. "Kuna ugomvi? Niandike barua?"

Nikamwambia asiandike. Barua ingekuwa ni mimi kujificha nyuma ya muhuri.

Desemba bibi akaja. Alileta parachichi na mkungu wa ndizi, amezibeba mwenyewe kutoka stendi. Tukasalimiana. Nilipiga makofi yote, sikuruka hata moja. Tukala, mimi, yeye, mtoto na mama yangu mzazi. Bibi akanawa mikono, akajifuta.

"Basi mwanangu, kesho tuwahi gari la asubuhi. Nguo zake ziko tayari?"

"Mama, mtoto haendi."

Mama yangu akakohoa. "Anatania. Huyu tangu utotoni ana utani."

"Sitanii."

Bibi akanitazama taratibu. "Mwezi wa sita ulisema nini?"

"Nilisema sawa."

"Na leo?"

"Leo nasema haendi. Ile sawa ilikuwa ya adabu. Nilikuwa naogopa kukuharibia chakula."

"Kwa hiyo leo umesubiri nishibe."

Binti yangu akacheka, mama yangu akamfinya.

"Ni damu ya mwanangu," bibi akasema.

"Mwanao aje mwenyewe. Atapewa kiti, atapewa maji, ataongea na mtoto wake mpaka achoke. Lakini kupokonyana hapa kwa makofi na salamu, hapana."

"Wewe mtoto!" mama yangu akasema. "Unaongea na mkubwa hivyo? Nani kakufundisha?"

"Mwache," bibi akasema. Akaokota punje ya harage iliyodondoka kwenye mkeka. "Nyumba yangu haina mtu. Nikiamka nasalimia kuku. Wananijibu, lakini ni kuku."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukoo, kwa mila, kwa matusi. Kwa kuku sikuwa nimejiandaa. Miezi yote ile nilikuwa nataka awe mbaya, ili kazi yangu iwe rahisi.

Akamgeukia mtoto, akamwita mwanangu kwa Kiha. "Mwana wanje, unataka kwenda na mimi?"

Mtoto akanitazama. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Sijawahi kufanya kitu kigumu kama kile.

"Nataka niende halafu nirudi," akasema.

"Siku ngapi?"

"Mbili."

"Mbili! Siku mbili hata kuku hawajakuzoea."

Hakuna aliyecheka. Nikamwambia bibi kwamba Pasaka tutakwenda wote wawili, wiki nzima, nitamlimia na shamba. Akajibu, "Tutaona." Kwetu mtu akikujibu hivyo, usianze kufunga mizigo. Mama yangu alitoa vyombo bila kunisemesha, na hakunisemesha mpaka Jumapili.

Asubuhi tulimsindikiza bibi stendi, mimi na binti yangu. Njia nzima waliongea wao wawili, kwa Kiha, habari za mbwa mmoja wa Kasulu anayekula parachichi. Mimi nilibeba kikapu chake. Basi lilikuwa limeanza kujaa. Bibi alipanda, akakaa dirishani, akatandika kitenge kwenye kiti cha pembeni yake. Alikuwa amekata tiketi mbili tangu jana yake. Kondakta alipotaka kumkalisha mtu pale, nilimsikia bibi akisema, "Hiki kina mtu."

Binti yangu akanivuta mkono. Akauliza kama anaweza kupanda akae na bibi mpaka basi liondoke.

Nikamwambia panda. Akapita katikati ya magunia, akakaa juu ya kile kitenge, miguu ikining'inia, bibi akamshika goti akaendelea na habari ya yule mbwa. Dereva akawasha. Mimi nilisimama kwenye ngazi ya mlango, mkono mmoja kwenye chuma, nikamwambia kondakta asifunge.